Kusaka namba tasa kubwa kwa programu fupi: ugawanye, uchuje, au uende kwa Miller–Rabin na Lucas–Lehmer?

"Shikamoo mjomba. Hivi hii imekwama au inafanya kazi?"

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM, na alichonipa ni simu yenye Termux (programu ya kuandikia simu amri), ndani yake programu ya mistari sita kwa lugha ya Python. Kishale kilikuwa kinapepesa tangu saa mbili ya usiku uliopita. Alikuwa ameipa namba 2^127 − 1 (hapa ^ ni alama ya kipeo, kwenye Python yenyewe utaandika **), yaani

170141183460469231731687303715884105727

akaiamuru iigawanye kwa 3, kwa 5, kwa 7, ipande hivyo hivyo hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Ikipata kigawo, iseme si tasa. Ikikosa kabisa, iseme ni tasa.

Ilikuwa haijakwama. Ilikuwa inagawanya. Tuifanyie simu yake hisani, tuseme inagawanya mara milioni 10 kwa sekunde, kasi ambayo Python kwenye simu huifikia kwa taabu. Kwa 2^31 − 1, yenye tarakimu 10, jibu linatoka kabla hujainua kidole. Kwa 2^61 − 1, tarakimu 19, subiri dakika moja na robo hivi. Kwa 2^89 − 1, tarakimu 27, subiri wiki mbili. Kwa hii aliyoichagua yeye, tarakimu 39, zaidi ya miaka 20,000.

Namba hiyo hiyo Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1876, kwa mkono. Kwa hiyo simu ya kijana haina kosa lolote. Nimemwandikia yeye ulinganisho huu, na mwingine yeyote anayetaka kuandika programu ya namna hiyo jioni moja: njia nne, ipi uishike lini, na ipi uiache.

Kwanza, "kubwa" yako ni ipi?

Watu husema "namba tasa kubwa" wakiwa na mahitaji yasiyofanana hata kidogo. Mwalimu anataka orodha ya namba tasa zote hadi milioni kumi. Mtu wa usalama wa mitandao anataka namba moja tu, yoyote ile mradi isitabirike, ya tarakimu mia tatu. Mpwa wangu alikuwa na namba yake mkononi na swali la ndiyo au hapana. Halafu kuna wagonjwa wa rekodi, ambao tarakimu milioni kumi kwao ni habari ya zamani. Ukichukua njia ya mwenzako kwa haja yako, utakaa unatazama kishale.

Kugawanya

Hii ndiyo njia ya shule ya msingi, ile ya kutafuta KDS na KKS. Uzuri wake ni kwamba ikisema namba si tasa, inakukabidhi kigawo chenyewe ukione kwa macho. Njia nyingine zote hapa chini hazikupi hicho. Ubaya umeshauona: ukiongeza tarakimu mbili, kazi inazidi mara kumi. Kwa namba za hadi tarakimu 15 au 16 inatosha kabisa na sioni sababu ya kujisumbua na kitu kingine.

Onyo moja tu. Wengi huandika int(n ** 0.5) kupata kipeuo cha pili. Kwa namba ndogo hakuna shida, lakini desimali za kompyuta hubeba tarakimu kama 16 tu za uhakika, na kwa namba ndefu kipeuo hicho kinaweza kupotoka. Tumia math.isqrt(n), ipo tangu Python 3.8.

Kuchuja

Chujio la Eratosthenes ni la karne ya tatu kabla ya Kristo. Eratosthenes mwenyewe alizaliwa Kirene, Libya ya leo, akawa msimamizi wa maktaba ya Alexandria huko Misri. Unaandika namba zote, unakata vigawe vya 2, vya 3, vya 5, na kilichobaki ni tasa. Hakuna kugawanya popote, ni kuruka na kukata, ndiyo maana ina kasi.

Kinachoiua ni memori. Ukitengeneza orodha ya kawaida ya True na False kwenye Python, kila nafasi hula baiti 8. Kuchuja hadi milioni 100 kunataka MB 800. Badili orodha hiyo iwe bytearray, unashuka hadi MB 100. Weka namba witiri tu, MB 50. Mwisho wa kazi utakuwa na namba tasa 5,761,455, zote bila kukosa hata moja. Kwa mwalimu anayetaka orodha, hakuna mshindani, na asishawishiwe na mtu. Lakini kuichuja namba ya tarakimu 39 ni sawa na kuhesabu mchanga wa ufukwe mzima ili ujue punje moja ina rangi gani.

Miller–Rabin, ambayo ndiyo ningebaki nayo kama ningeruhusiwa moja

Anza na alichokijua Pierre de Fermat mwaka 1640. Kama n ni tasa, na a haigawanyiki kwa n, basi a^(n−1) ukiigawanya kwa n inabakiza 1. Daima. Kwa hiyo baki likiwa kitu kingine, n si tasa, na shauri limekwisha. Hapa wanafunzi wengi hushtuka: unajua kwa uhakika kuwa namba ina vigawo, na hujakiona hata kimoja.

Tatizo ni upande wa pili. Zipo namba zisizo tasa zinazojifanya tasa. Chukua 341 na msingi 2, yaani a iwe 2. 2^10 ni 1,024, na 341 mara tatu ni 1,023, kwa hiyo baki ni 1. Basi 2^340, ambayo ni 2^10 iliyopandishwa mara 34, nayo inabakiza 1. Jaribio la Fermat linaipitisha 341, ilhali 341 ni 11 × 31. Unaweza kubadili msingi, ukatumia 3, na 341 itaumbuka. Lakini 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, inadanganya kwa kila msingi isiochangia nao kigawo. Namba za aina hii huitwa za Carmichael, na tangu 1994 imethibitishwa kwamba hazina mwisho.

Gary Miller mwaka 1976, na Michael Rabin mwaka 1980, waliziba tundu hilo kwa kuangalia njiani na siyo mwisho wa safari tu. Namba tasa ina tabia moja: ukitafuta namba zilizo chini ya n ambazo zikizidishwa kwa zenyewe kisha zikagawanywa kwa n hubakiza 1, utapata 1 na n − 1, basi. Turudi kwa 341. 340 ni 4 × 85. Anza na 2^85: baki lake ni 32. Lizidishe kwa lenyewe, 1,024, baki 1. Tumefika kwenye 1 tukitokea 32, na 32 si 1 wala si 340. Kwa namba tasa jambo hilo haliwezekani. Mwongo amekamatwa akiwa bado njiani.

Programu yenyewe ni hii:

```
import secrets

def ni_tasa(n, raundi=40):
    for p in (2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37):
        if n % p == 0:
            return n == p
    if n < 2:
        return False
    d, s = n - 1, 0
    while d % 2 == 0:
        d //= 2
        s += 1
    for _ in range(raundi):
        a = secrets.randbelow(n - 3) + 2
        x = pow(a, d, n)
        if x == 1 or x == n - 1:
            continue
        for _ in range(s - 1):
            x = x * x % n
            if x == n - 1:
                break
        else:
            return False
    return True
```

Ule mstari wa pow(a, d, n) ndio roho ya programu. Unapandisha kipeo na kuchukua baki papo hapo, hatua kwa hatua, hivyo namba haivimbi. Mimi mara yangu ya kwanza niliandika pow(a, d) % n, nikidhani ni kitu kile kile. Kihesabu ni kile kile. Kwa mashine, nilikuwa nimeiamuru iandike kwanza namba yenye tarakimu nyingi kuliko memori zote duniani, ndipo itafute baki. Laptopu ilinguruma feni kama inataka kupaa, kisha hata kipanya kikaacha kusogea, nikaizima kwa kubonyeza kitufe. Nilikaa nikilaumu laptopu kwa siku mbili nzima.

Sasa suala la "huenda". Jaribio hili likisema si tasa, ni hakika. Likisema tasa, ni kwa uwezekano: namba isiyo tasa inaweza kulaghai robo ya misingi kwa wingi wake, haizidi hapo. Raundi 40 za bahati nasibu zinafanya nafasi ya kudanganywa isizidi moja kwa 2^80, namba ya tarakimu 25. Watu huniambia hawataki hesabu ya "huenda". Nawauliza kama wana uhakika kiasi hicho kuwa memori ya kompyuta yao haikugeuza biti hata moja wakati wa ile wiki mbili ya kugawanya. Hata hivyo, kama namba yako iko chini ya 318,665,857,834,031,151,167,461, huhitaji bahati nasibu: tumia kama misingi zile namba tasa 12 za juu ya programu, kuanzia 2 hadi 37, na jibu ni la uhakika kamili. Hilo limekwisha kuthibitishwa.

Kutafuta namba tasa mpya kwa njia hii ni kupiga kete: okota namba witiri ya urefu unaoutaka, ijaribu, ikikataa okota nyingine. Kwa tarakimu 300, kwa wastani moja kati ya namba witiri 345 ni tasa. Saba kati ya kumi za hizo zisizofaa zinaanguka kwenye mstari wa kwanza tu, kwa kugawanyika na moja ya zile namba tasa ndogo, kwa hiyo kazi nzito ni kidogo kuliko inavyoonekana. Laptopu yangu ya zamani hutoa moja ndani ya sekunde moja au mbili.

Huo ndio ukubwa unaotumika kazini. Ufunguo wa biti 2,048 wa RSA, mfumo wa kufungia siri mtandaoni, hutoka kwenye namba tasa mbili za biti 1,024, kila moja tarakimu 308 au 309. Na hapo chanzo cha kete kina uzito kuliko jaribio lenyewe. Nimetumia secrets, sikutumia random, kwa sababu random ya Python hutabirika kwa anayeitazama vya kutosha. (Kichekesho chake: mzunguko wa random una urefu wa 2^19937 − 1, ambayo nayo ni namba tasa.) Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za hadharani kutoka mtandaoni wakakuta makumi ya maelfu ya vifaa vimeokota namba tasa zilizokwisha kuokotwa na vifaa vingine, kwa kuwa kete zao zilikuwa mbovu. Funguo mbili zikichangia namba tasa moja, unazivunja zote kwa kutafuta KKS yake. KKS ile ile ya darasani.

Lucas–Lehmer, kwa namba za ukoo mmoja

Namba za umbo la 2^p − 1 zinaitwa za Mersenne, na zenyewe zina jaribio lao ambalo halina "huenda" ndani yake. Lucas alilianzisha, Derrick Lehmer akalinyoosha mwaka 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la kugawanya kwa namba yako. Rudia mara p − 2. Ukimaliza na sifuri, ni tasa. Vinginevyo si tasa.

Fanya kwa penseli na 2^7 − 1, yaani 127: 4, 14, kisha 194 inayobakiza 67, kisha 42, kisha 111, kisha 111 × 111 − 2 ni 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Sifuri. Jaribu na 2^11 − 1, yaani 2,047, utaishia 1,736. Si tasa, na kweli 2,047 ni 23 × 89.

```
def lucas_lehmer(p):
    M = 2**p - 1
    s = 4
    for _ in range(p - 2):
        s = (s * s - 2) % M
    return s == 0
```

Mistari sita, kama ile ya mpwa wangu, na p iwe namba tasa kuanzia 3. Kwa 2^127 − 1 ni kuzidisha mara 125 tu. Badala ya miaka 20,000, kufumba na kufumbua.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: nje ya ukoo huo haifai kitu. Ukiipa namba ya kawaida ya tarakimu 300 haina la kusema. Na zilizo tasa ndani ya ukoo wenyewe ni chache mno, zinajulikana 52 pekee, kwa hiyo usifikirie hata kuzitumia kama siri. Orodha yake kila mtu anayo. Hizi ni za rekodi. Mwaka 1952 Raphael Robinson alitumia kompyuta ya SWAC kule Los Angeles akapata tano, kuanzia 2^521 − 1 yenye tarakimu 157. Tangu 1996 mradi wa kujitolea wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman, unagawa kazi kwa kompyuta za watu duniani kote. Oktoba 2024 Luke Durant, Mmarekani, aliongoza kadi za michoro zilizotawanyika katika nchi 17, akapata 2^136279841 − 1, tarakimu 41,024,320. Rekodi iliyotangulia ilikuwa ya Desemba 2018, yenye tarakimu 24,862,048. Wao huanza na jaribio la aina ya Fermat, na Lucas–Lehmer huja kuthibitisha. Ukitaka kujiunga, programu ni ya bure, lakini mashine itafanya kazi usiku na mchana kwa siku nyingi na LUKU itasoma. Mimi nilijaribu nikaacha, na sioni aibu.

Mengine kwa kifupi

Utasikia habari za AKS, jaribio la 2002 la Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India. Ni ushahidi mzuri sana wa kihisabati: uhakika kamili, kwa namba yoyote, kwa muda unaokubalika kinadharia. Kwa programu yako ya jioni, achana nalo. Miller–Rabin inaliacha mbali mno. Ukihitaji cheti cha uhakika kwa namba ya kawaida ya tarakimu mia kadhaa, nenda kwenye PARI/GP, programu ya hisabati ya bure, usianze kuandika mwenyewe.

Kuhusu lugha, Python nimeichagua kwa sababu namba zake hazina kikomo. Kwenye JavaScript namba ya kawaida huanza kupoteza ukweli ikivuka 9,007,199,254,740,991, bila kukuonya, mpaka utumie BigInt. Kwenye C, biti 64 zinaishia 18,446,744,073,709,551,615 na baada ya hapo unahitaji GMP, maktaba ya namba ndefu. Na kama unachotaka ni namba tu, hutaki kujua imepatikanaje, kompyuta yenye OpenSSL itakupa kwa mstari mmoja: openssl prime -generate -bits 1024.

Basi nikimchagulia mtu: orodha, achuje. Namba fupi na anataka kuona kigawo, agawanye. Namba ndefu yoyote, Miller–Rabin na zile namba tasa ndogo zikiwa mlangoni. Umbo la 2^p − 1, Lucas–Lehmer, na asitumie kingine.

Kijana aliandika Lucas–Lehmer kwenye simu ile ile, 127 ikajibu True kabla hajaondoa kidole. Akaenda 521, 607, 1279. Nikamwambia ajaribu 21701, kwa kuwa mwaka 1978 namba hiyo iligunduliwa kule California na Laura Nickel na Landon Curt Noll, wote wawili wakiwa na miaka 18. Safari hii simu ilipata joto kidogo, tukanywa chai, ikajibu True.

"Sasa mjomba nataka kuiona yenyewe."

Akaandika print(2**21701 - 1), Python ikamkatalia: matoleo ya siku hizi hayabadili namba ya zaidi ya tarakimu 4,300 kuwa maandishi mpaka uyaruhusu. Akaongeza import sys, na chini yake sys.set_int_max_str_digits(0), akabonyeza tena. Zikamiminika tarakimu 6,533, zikijaza skrini na kuipita. Alipandisha kwa kidole gumba hadi juu kabisa, akasoma 4486, kisha akashuka, akashuka, hadi akafika chini: 751.

"Ni witiri," akasema, kama anayehakikisha.